Jinsi ya kufanya risechi na kuweka rejea chuoni bila kukesha wiki ya mwisho: mwongozo kamili kutoka kwa aliyekesha

Mwaka wa tatu, niko ofisini kwa supavaiza wangu, propozo yangu iko mezani kwake imefunguliwa sura ya tatu, na ukurasa mzima kazungushia kitu kimoja tu kwa peni nyekundu: Yamane (1967). Akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, hiki kitabu umekisoma?" Nikajibu ndiyo Dokta. "Kina kurasa ngapi?" Nikasema kama mia mbili hivi. Kina zaidi ya mia tisa. Hakugomba wala nini, aliifunga propozo akanirudishia akasema nenda kaandike ulivyovisoma kweli, basi nikatoka pale nikakaa kwenye ngazi nikaanza kuhesabu, nilikuwa na rejea 52 na nilizozifungua kwa macho yangu mwenyewe zilikuwa 11. Zilizobaki nilizibeba kwenye tafiti za watu waliomaliza kabla yangu, na wao najua walizibeba kwa waliowatangulia.

Nilirudia kazi nzima. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyojifunza kwenye kurudia huko, na mengi ni vitu tulifundishwa mwaka wa kwanza kwenye ile kozi ya stadi za mawasiliano ambayo wote tulikuwa tunasaini mahudhurio na kuondoka.

Hatua ya 1: ulizia mtindo wa rejea kabla hujaandika hata mstari mmoja

Hii ni ya dakika tano ila ukiiruka itakula wiki yako. Idara yako inataka mtindo gani? Elimu na sayansi ya jamii mara nyingi ni APA, watu wa afya wana Vancouver ile ya namba, sheria wengi wanatumia OSCOLA yenye maelezo chini ya ukurasa. Ukiambiwa Harvard uliza Harvard ya nani, maana Harvard haina kitabu kimoja kinachoitawala, kila chuo kina ya kwake, hivyo omba mwongozo wa chuo chenu wenyewe.

Ukiambiwa APA hakikisha ni toleo la 7, lile lililotoka Oktoba 2019. Nasema hivi kwa sababu desa zinazouzwa steshenari nyingi bado ni za toleo la 6. Utazijua haraka: zinakwambia uandike mji wa mchapishaji, "New York, NY:" halafu ndo jina la kampuni. Toleo la 7 lilishafuta mji. Pia kazi yenye waandishi watatu au zaidi sasa unaandika jina la kwanza tu na "et al." tangu mara ya kwanza unapoitaja, na kama unaandika kwa Kiswahili unaweka "na wenzake". Zamani ulikuwa unawataja wote mara ya kwanza, watu watano, mstari mzima unaisha kwa majina.

Hatua ya 2: pata swali, usipate mada

Mada yangu ya kwanza ilikuwa "Matumizi ya nishati safi ya kupikia Tanzania". Dokta akaniuliza Tanzania ipi, ya nani, ya lini. Hapo ndo nikaelewa kwa nini nilikuwa naingia Google Scholar napata matokeo maelfu halafu natoka sina kitu.

Kilichonisaidia si intaneti, ni kwenda kula. Pale sokoni ninapokula kuna mama lishe ana mtungi wa gesi mpya kabisa, umefunikwa na kitambaa, na maharage yako juu ya mkaa. Nikamuuliza mama mbona gesi ipo? Akacheka, akaniambia mwanangu maharage yanakula gesi, na gesi ikiisha huwezi kwenda dukani kununua ya buku mbili, ila mkaa unanunua hata kopo moja. Kwenye gesi anapasha mboga na kuchemsha chai ya asubuhi, vitu vya haraka haraka. Swali langu likazaliwa pale: kwa nini mama lishe wenye mitungi ya gesi wanaendelea na mkaa, na kila kimoja wanakitumia kupikia nini?

Swali la namna hii lina mtu, lina mahali, na lina jambo unaloweza kwenda kuliangalia. Kama swali lako linakosa hata kimojawapo kati ya hivyo, usianze kutafuta vyanzo, utajaza tu kompyuta PDF ambazo hutazifungua.

Hatua ya 3: tengeneza maneno ya kutafutia

Chukua karatasi, ikunje upate safu tatu. Kila safu weka wazo moja la swali lako, halafu chini yake andika majina yote ambayo watu wengine wanaweza kuwa wameliita. Tafiti nyingi za kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza kwa hiyo safu zangu zilikuwa hivi: ya kwanza mama lishe, mama ntilie, "food vendors", "street food". Ya pili mkaa, "charcoal", "LPG", "clean cooking". Ya tatu Tanzania, Dar es Salaam, na baadaye nikaongeza Kenya na Uganda baada ya kuona za Dar ni chache.

Sasa sikiliza, hii ndo siri yenyewe. Kila jambo unalolichunguza kuna wataalamu walishalipa jina lao, na usipolijua hilo jina utahangaika mwezi mzima. Mimi nilikuwa naandika sentensi ndefu, kwa nini watu wanatumia gesi na mkaa pamoja, napata makala za magazeti tu. Siku moja nikaona kwenye utangulizi wa tafiti moja maneno "fuel stacking", yaani mtu kurundika nishati, anaongeza mpya bila kuacha ya zamani. Kuandika hayo maneno mawili tu, aisee, mlango ukafunguka, nikakuta watu wamelijadili jambo la yule mama lishe kwa miaka mingi tu. Kwa hiyo tafiti mbili tatu za mwanzo usizisome kutafuta majibu, zisome kutafuta jina la tatizo lako.

Mbinu chache za kuandika kwenye kisanduku: weka maneno ndani ya alama za kunukuu yatafutwe kama yalivyo kwa pamoja, weka OR kwa herufi kubwa kati ya majina mawili ya kitu kimoja, weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka. Na pale pembeni chuja miaka.

Hatua ya 4: wapi pa kutafuta, na PDF utaipataje bure

Google Scholar ndo sokoni, kila kitu kipo, kizuri na kibovu. Ukipata makala moja nzuri angalia chini yake kuna maandishi yanayokwambia imenukuliwa na wangapi, bonyeza hapo, unapata waliokuja baada yake. Orodha ya marejeo ya makala yenyewe inakupa waliotangulia. Makala moja nzuri ukiivuta mbele na nyuma hivyo inakupa kumi na tano.

AJOL, hii wengi hatuijui na ni dhambi. Ni mkusanyiko wa majarida ya Afrika, upo tangu 1998, na kuna tafiti za kwetu ambazo kule kwingine huzioni kirahisi. Kisha hazina ya kidijitali ya chuo chako na vyuo jirani, pale kuna tasnifu za uzamili na uzamivu. Zisome hizo hasa kuona sura ya pili inapangwaje, ila usibebe rejea zake, umeshaona yaliyonipata.

Ukikuta makala inadai dola 40 usifunge wala usilipe. Kwenye Google Scholar chini ya makala kuna sehemu inaonyesha matoleo yote, fungua, mara nyingi moja liko bure kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi. Ikishindikana nenda maktaba uulize kama chuo kimejisajili Research4Life, huo ni mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ya kutupa, na vyuo vingi vya kwetu vimo ila nywila anayo mkutubi na hakuna anayemuuliza. Mwisho kabisa mwandikie mwandishi barua pepe, mistari mitatu tu, mimi ni mwanafunzi wa chuo fulani nafanya utafiti huu naomba nakala ya makala yako. Niliandika wanne, watatu wakanitumia, mmoja akaniongezea na nyingine mbili.

Namba za serikali zifuate zilikozaliwa. Ile kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 niliikuta kwenye status ya mtu, nikaikuta gazetini, nikaikuta kwenye propozo za wenzangu watatu kila mmoja katoa kwa mwenzie. Chanzo chake ni Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Unaupata, unaufungua, unatafuta ukurasa, unaandika. Idadi ya watu hivyo hivyo, sensa ya 2022 ni watu 61,741,120, usimnukuu bloga kwa hilo, ripoti ya NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ipo. Na jalada lina jina la Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar pia, huwa wanasahaulika hawa.

Hatua ya 5: soma na kalamu mkononi

Usisome makala kuanzia juu hadi chini kama riwaya. Ikisiri kwanza, kisha hitimisho, na kama bado inakuhusu rudi kwenye mbinu na matokeo. Nyingi utaziacha kwenye ikisiri na hiyo sawa kabisa.

Kwa ile unayobaki nayo andika vitu vinne, daftari au simu haijalishi: nani na mwaka gani, alichokuta kwa maneno yako, sentensi yake moja au mbili kama zilivyo ikiwa ni kali sana, na NAMBA YA UKURASA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nilipoteza Jumamosi nzima nikitafuta sentensi moja niliyoipenda ndani ya ripoti ya kurasa 180, bando liliisha nikaongeza, kumbe iko kwenye kiambatisho.

Maneno ya mwandishi yawe na rangi yake, mimi natumia bluu, ya kwangu nyeusi. Unaweza kuona ni utoto ila baada ya wiki tatu huwezi kukumbuka hii sentensi nzuri ni yako au ya mtu, na mara nyingi kama ni nzuri sana si yako. Watu wengi wanaokamatwa na wizi wa maandishi hawakuiba kwa makusudi, walichanganya daftari.

Hatua ya 6: weka Zotero leo, si mwezi wa sita

Zotero ni programu ya bure ya kutunza vyanzo, ilianzia chuo cha George Mason kule Marekani mwaka 2006. Kuna na Mendeley, nayo inafanya kazi, mimi niko Zotero. Unasakinisha programu kwenye kompyuta, unaweka na kile kipande cha kwenye brauza, na ndani ya Word inajitokeza yenyewe. Ukifungua makala mtandaoni unabonyeza alama yake pale juu, imehifadhiwa. Ukiwa na PDF unaiburuta ndani, inatafuta taarifa zake yenyewe. Ukiwa na DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, au ISBN ya kitabu, unaiandika inakuletea kila kitu. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, ikijaa PDF zako baki nazo kwenye kompyuta na fleshi, taarifa za rejea zenyewe hazina shida.

Lakini usiiamini kama mganga. Kila kinachoingia kikague palepale, kwa sababu takataka ikiingia itatoka takataka yenye mpangilio mzuri. Kosa maarufu ni taasisi kugeuzwa mtu. National Bureau of Statistics inaingia kama mtu mwenye jina la ukoo Statistics, basi kwenye orodha yako inatoka "Statistics, N. B. of". Nimeiona hiyo kwenye tasnifu imejaladiwa jalada gumu na herufi za dhahabu. Kuirekebisha ni rahisi: pembeni ya sehemu ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo kinachounganisha sehemu mbili za jina kuwa moja, bonyeza, andika jina zima la taasisi. Wanaotumia sehemu ya rejea ya Word yenyewe kuna kisanduku cha kuweka tiki kwamba mwandishi ni taasisi.

Majina yetu nayo yanachanganya. Mtu kaandikwa majina matatu, la mwisho ndo linaenda mbele kwenye orodha, mengine yanabaki herufi za kwanza. Usiweke Dr. wala Prof. wala Mhe., najua inauma kumwandika mkuu wa chuo jina tupu ila ndivyo ilivyo.

Vichwa vya makala vilivyoandikwa herufi kubwa zote navyo virekebishe, ubonyeze kichwa kwa kitufe cha kulia cha mausi utaona sehemu ya kubadili herufi.

Hatua ya 7: kuandika, hapa ndo penyewe

Kunukuu si kuweka mabano mwisho wa aya ndefu ukaamini umemaliza. Msomaji anatakiwa ajue mawazo ya mtu yanaanzia wapi na ya kwako yanaanzia wapi. Na kubadilisha maneno mawili matatu si kuandika kwa maneno yako. Ona mfano wa kutunga, tuseme Fulani (2019) kaandika: "Kaya nyingi haziachi mkaa zinapopata gesi, bali hutumia vyote viwili kwa kazi tofauti."

Hii mbovu: Familia nyingi haziuachi mkaa pale zinapopata gesi, ila hutumia vyote kwa kazi mbalimbali (Fulani, 2019). Mifupa ni ileile, umeivalisha shati tu.

Hii afadhali: Mtungi wa gesi ukiingia jikoni jiko la mkaa halitoki. Fulani (2019) aliliona hilo kwenye kaya, na kwa mama lishe niliowahoji mgawanyo ulikuwa wazi zaidi, vinavyoiva polepole vilibaki kwenye mkaa.

Unaona tofauti? Ya pili Fulani anafanya kazi ndani ya hoja yangu, hajawekwa pale kama mgeni rasmi. Njia ninayotumia ni kusoma aya, kufunga PDF kabisa, kumweleza mtu aliye karibu hata kama ni rumimeti ambaye hajali, halafu naandika nilivyomweleza, ndo nafungua tena kuhakiki nisije nikamsingizia.

Ukichukua maneno yenyewe weka alama za kunukuu na ukurasa. Lakini usizidishe, sura yenye manukuu kila mstari inasomeka kama kikao ambacho wewe mwenye nyumba hujaongea.

Hatua ya 8: tatizo la Yamane

Turudi kwa mzee wetu. Kanuni yake ya ukubwa wa sampuli mnaijua wote, n = N / (1 + N × e²), n ni sampuli, N ni idadi ya watu wote unaowachunguza, e ni kosa unaloliruhusu. Ukiwa na watu 1,200 na kosa la 0.05 unapata 300. Kwenye tafiti za kwetu iko kila mahali, yeye na Kothari (2004) wa kitabu cha mbinu za utafiti, wakutwao daima pamoja. Hakuna ubaya wa kuitumia. Ubaya ni kusema umesoma kitabu cha Yamane wakati umeiona kanuni ndani ya kazi ya Fulani.

Ukishindwa kabisa kukipata chanzo chenyewe, sema ukweli: (Yamane, 1967, kama alivyonukuliwa na Fulani, 2019). Kwenye orodha ya mwisho unaweka Fulani peke yake kwa sababu ndiye uliyemsoma. Tumia hii mara moja mbili tu, ukiwa nazo ishirini maana yake hujaenda maktaba. Mimi baadaye nilikwenda kukitafuta, nakala ilikuwepo, imechoka, imefungwa gundi mgongoni, nikasoma ile sehemu nikagundua kumbe na mazingira ya kutumia hiyo kanuni yameelezwa na hakuna hata mmoja kati ya niliowakopia aliyewahi kuyataja.

Hatua ya 9: Turnitin na akili mnemba

Turnitin, ile programu ambayo vyuo vinapitishia kazi kuangalia mfanano, haisemi umeiba, inasema hapa pamefanana na kitu fulani. Asilimia 18 inaweza kuwa salama na asilimia 6 ikawa wizi mtupu kama hiyo 6 ni aya moja nzima ya mtu. Kwa hiyo usiangalie namba, fungua ripoti uone palipopakwa rangi. Jina la chuo, maneno ya dodoso na orodha ya marejeo vitapakwa rangi, usipaniki, mwalimu anaweza kuiondoa orodha kwenye hesabu. Na wale wanaokwambia lete elfu kumi nikushushie asilimia wanakubadilishia maneno mpaka "mama lishe" anakuwa "mzazi wa virutubisho". Nimeona kwa macho, sitanii.

Kuhusu ChatGPT na ndugu zake, itumie kukuelezea jambo usiloelewa au kukupa maneno ya kutafutia, ila usiiombe rejea. Inatunga. Inakupa mwandishi ambaye yupo kweli, jarida lipo kweli, mwaka unaeleweka, DOI imekaa vizuri, na makala haipo duniani. Mwaka 2023 kule New York kuna mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa namna hiyo. Kila rejea unayopewa na mashine ichukue DOI yake, tanguliza https://doi.org/ kisha ibandike kwenye brauza. Isipofunguka, au ikafungua makala nyingine kabisa, futa bila huruma.

Hatua ya 10: ukaguzi wa mwisho

Hii msifanye peke yenu, tafuta mwenzio. Mmoja anasoma kazi kuanzia ukurasa wa kwanza, kila akifika kwenye jina na mwaka anatamka kwa sauti, mwingine ana orodha ya marejeo kwenye karatasi anaweka tiki. Lililotamkwa na halipo kwenye orodha, ongeza. Lililo kwenye orodha na halina tiki hadi mwisho, toa, hukulitumia hilo. Angalieni tahajia ya jina na mwaka vifanane pande zote mbili. Sisi ilituchukua saa moja na nusu kwa kurasa 61, tulikaa kwenye korido maana ndani watu walikuwa wanaangalia mpira.

Nilitoa tatu nisizozitumia, nikaongeza mbili nilizozisahau, na moja tulicheka mpaka jirani akafungua mlango: ndani ya kazi ilikuwa Fulani (2014), kwenye orodha ikawa Fulani (2041). Najua kabisa Dokta angeniuliza kama nimekisoma.